Neno Asiloliandika Babu

Makupa, Mombasa
Jumapili, 26 Januari 2025

Babu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima, ila joto limetuzidi na maji ya mfereji yanakuja Jumanne na Ijumaa tu. Mama anakwenda kazini bandarini na kurudi amechoka. Hakuniambia nikusalimie, lakini aliponiona nikitafuta bahasha hakunikataza, nami nimeihesabu kuwa salamu. Mimi nimeingia kidato cha tatu. Kitanda chako bado kiko pale dirishani; naweka vitabu juu yake. Msalimie shangazi Priscah na magoti yake.

Tangu uondoke na jeneza la Baba mwezi wa tisa hukurudi, na shangazi anasema simu yako umempa mtoto wa jirani. Sikulaumu. Mimi mwenyewe kwenye simu husahau nilichotaka kusema. Kwenye barua maneno hunisubiri.

Jambo lenyewe ni hili. Wiki iliyopita Bwana Iqbal, mwenye mashine ya barafu kule Liwatoni, alikuja nyumbani na katoni yenye daftari la Baba la kazi, kompyuta yake, na kile kidhibiti Baba alichokuwa akikifunga kwenye mashine hiyo. Unakikumbuka: kisanduku cha kijivu kinachofundishwa kazi mara moja, kisha kinaiendesha mashine chenyewe, maji yaingie, kompresa iwake, barafu ikiiva ishuke. Baba alichagua aina ambayo hakuna fundi kisiwani anayeijua. Bramwel, aliyekuwa akifanya kazi naye, alikuja pia. Alisema kirudishwe dukani kilikotoka, waweke aina ile ambayo kila fundi anaijua, kwa sababu hiki kikiharibika hakuna wa kukitibu.

Bwana Iqbal alimgeukia Mama akasema, "Ndinda, usinielewe vibaya. Tom alikuwa ndugu yangu. Lakini mtu aliyesahau kuzima swichi, nitaliaminije sanduku alilolichagua?"

Mama alichukua vikombe akaenda jikoni ingawa chai ilikuwa haijanywewa. Basi mimi, Babu, mimi ambaye mbele ya wageni hutazama sakafu, nikasema kitabu cha maelekezo naweza kukisoma. Bramwel akacheka, akaniita injinia wa sketi. Bwana Iqbal hakucheka. Amenipa mpaka mwisho wa likizo ya mwezi wa nne. Nikishindwa kumwonyesha kwamba kinafaa, kinarudi.

Nina maswali mawili. La kwanza, mtu anaichaguaje mashine ambayo hakuna anayeijua? La pili, Babu, ni wewe tu uliyekuwa pale na Baba umeme ulipompiga. Ni kweli alisahau?

Mjukuu wako,
Awiti


Ukwala
14 Februari 2025

Mjukuu wangu Awiti,

Marahaba. Barua yako imekaa posta siku nane kwa sababu Priscah hakushuka sokoni. Magoti yake ni yale yale. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Mvua bado. Nimefurahi kwa kidato cha tatu, na vitabu viache hapo hapo, kitanda kisikae bure.

Nimefanya kazi ya umeme reli miaka thelathini na mmoja, karibu yote katika karakana moja. Hivyo visanduku vyenu vilikuja nikiwa nimeshakabidhi bisibisi. Lakini mashine ngeni ni kama mgeni yeyote, huulizi sura yake, unauliza tabia yake. Kwa hiyo usisome kwanza inaweza kufanya nini, hapo kila kitabu hujisifu. Soma inafanya nini ikikatiwa umeme katikati ya kazi. Soma inafanya nini waya mmoja ukikatika. Halafu tafuta kama ukurasa wa kuitengeneza umeandikwa kwa lugha ambayo Bramwel anaweza kuisoma bila wewe. Mashine ambayo ni mtu mmoja tu anayeijua humfunza mwenye nayo kuogopa.

Iweke mezani. Usiipeleke kwenye paneli. Ifungie taa ndogo mahali pa kompresa, kisha uchomoe umeme ghafla uone ikiamka inafanya nini. Mombasa umeme hupotea. Ikiwa inaamka na kuendelea mbio kama haikulala, hiyo ni mbaya, hata kama dunia nzima inaijua.

Swali lako la pili nimeliona. Mvua imeanza kudondoka na nguo ziko nje.

Babu yako,
Ronald


Makupa
9 Machi 2025

Babu mpendwa,

Shikamoo. Hongera kwa ndama. Huku ni Ramadhani. Wenzangu wengi darasani wamefunga, na kibanda cha viazi nje ya geti kimefungwa mpaka jioni, kwa hiyo hata sisi tusiofunga tunashinda na njaa. Mlango wetu umevimba kwa unyevu. Mama ananiambia "Awiti, funga mlango" mara kumi kwa siku, na mara kumi haufungiki.

Nimefanya ulivyosema. Kila Jumamosi nakwenda Mji wa Kale dukani kwa Bwana Iqbal, na yeye amenipa kona ya meza nyuma ya mapipa ya rangi. Kitabu cha maelekezo kimetafsiriwa Kiingereza kutoka Kichina na mtu aliyekuwa na haraka, kuna mahali kinasema "usimlishe mashine maji ya moyo." Nimekisoma mara tatu. Nimekiandikia Bramwel kurasa sita kwa Kiswahili, na michoro.

Nilichomoa umeme katikati ya kazi mara kumi na mbili. Kila mara kiliamka, kikakumbuka kilipofika, lakini hakikuendelea. Kilingoja kibonyezwe. Kuna kioo kidogo ambapo unaweza kuandika maneno yako mwenyewe, lugha yoyote, nami niliandika INASUBIRI. Bwana Iqbal alikuja akatazama, akasema neno hilo taratibu, akarudi kwa wateja.

Kile cha aina maarufu alichoazimwa Bramwel nilikijaribu pia, nisije nikawa na upendeleo. Nacho ni kizuri, ila kukibadilisha chochote lazima umwite mwenye ruhusa, na maneno yake ya kioo ni yale yale kiliyozaliwa nayo.

Jambo dogo moja, usinicheke. Katika fizikia tumefundishwa saketi wazi na saketi iliyofungwa. Wewe katika barua yako umeandika kila kitu bila kuitaja hata mara moja iliyofungwa. Uliandika tu taa "ifungie" mezani, basi, na hata hapo wino umekatwa ukaandikwa upya. Nimedhani labda reli mlikuwa na neno jingine.

Na swali langu la pili halijajibiwa. Bramwel akimtaja Baba husema "marehemu alisahau, Mungu amsamehe," kama mtu anayetaja jina la pili la Baba.

Mjukuu wako,
Awiti


Ukwala
2 Aprili 2025

Awiti,

Marahaba. Huku tunapanda. Wasalimie wenzako waliokuwa kwenye saumu. Huo mlango wenu msiusukume kwa nguvu, utapasuka bawaba. Urudisheni tu, taratibu, ukae unapokaa.

Kazi uliyofanya ni nzuri. Mashine inayosubiri ni mashine yenye adabu. Tom aliona mbali.

Nimemtumia Bramwel, kwa mkono wako, testa yangu ya kupimia umeme. Iko ndani ya soksi. Mpini umepasuka lakini taa yake haijawahi kusema uongo.

Shule ikienda likizo pumzika. Mengine yaache.

Ronald


Makupa
13 Aprili 2025

Babu mpendwa,

Shikamoo. Testa imefika. Mama aliitoa kwenye soksi, akaishika muda mrefu, akairudisha ndani ya soksi. Tuko likizo. Mama amepata homa ya siku mbili, sasa ni mzima.

Siwezi kuyaacha mengine.

Nimefika mwisho wa daftari la Baba. Kurasa nyingi ni vipimo. Lakini kuna ukurasa wa tarehe 29 Agosti, wiki mbili kabla ya ile siku, nami nanakili kama ulivyo:

"Mzee na mimi hatusemi lugha moja kwenye swichi. Akisema funga, ana maana nyaya zikutane, umeme upite. Mimi nikisema funga, nina maana uzimwe, kama watu wote wa hapa wanavyofunga maji na redio. Leo nusura umeme unipige. Paneli mpya: WASHA na ZIMA tu. Neno funga lisiwepo popote. Ndiyo sababu nataka sanduku la kijivu, maneno naandika mwenyewe. Na kabla ya kutia mkono, uliza tena. Kila mara. ULIZA TENA."

Babu, mtu aliyeandika hivi hasahau swichi.

Sasa nimeelewa kwa nini hata mlango wetu hutaki ufungwe.

Sikuonyesha mtu. Bwana Iqbal ameridhika na kile kidhibiti mezani, lakini Bramwel bado anasema, "Sanduku zuri, sawa, lakini ni chaguo la mtu aliyekuwa hayuko makini." Bwana Iqbal amesogeza uamuzi mpaka mwezi wa saba. Anasema hawezi kulala akiwaza kwamba mashine yake ya barafu inaongozwa na akili ya mtu aliyesahau.

Nakuomba uniambie. Sitakukatiza. Barua haikatizi mtu.

Awiti


Makupa
18 Mei 2025

Babu,

Shikamoo. Sijapata jibu. Labda posta. Shule imeanza muhula wa pili. Mvua ya huku imejaza maji barabara yote ya Makupa na viatu vyangu havijakauka tangu Jumatano. Mama hajambo.

Shangazi Priscah alimpigia Mama akasema unashinda shambani na huli mchana. Tafadhali kula.

Awiti


Ukwala
8 Juni 2025

Mjukuu wangu Awiti,

Hakuna kilichopotea posta. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Mahindi yamefika magotini. Priscah anakusalimu. Salamu zimekwisha.

Nilianza kazi chini ya fundi mkuu aliyetufunza kwa kupiga meza: saketi ikifungwa, treni inakwenda, saketi ikifunguliwa, treni inasimama. Akisema "funga!" mkono unasukuma swichi juu. Si akili, ni mkono. Miaka thelathini na mmoja. Nilipostaafu nikaja kuwa mshika swichi wa mwanangu, na yeye amezaliwa Mombasa, mama yake alimwambia funga mfereji, funga redio. Tulicheka juu ya hilo. Siku ile ya Agosti aliyoiandika, tulicheka sana.

Siku yenyewe nilikuwa mlangoni penye swichi kubwa, yeye ndani mbele ya paneli. Aliniambia nizime. Nilizima. Tom hakusahau kitu, Awiti. Aliniambia nizime, kwa neno hilo hilo, nami nilizima, na taa ya paneli ilizimika nikaiona.

Halafu wale wa jirani wakawasha mashine ya kusaga barafu. Unaijua kelele yake. Tom alikuwa ameshainama. Akauliza tena, kama alivyojiwekea. Lakini pale neno lake jipya lilimponyoka, likamtoka lile la mama yake. Alisema, "Umefunga?"

Mimi katika ile kelele sikusikia mwanzo wala sikusikia kwamba ni swali. Nilisikia "funga."

Mkono ukasukuma juu.

Walipokuja watu walikuta swichi imewashwa na mimi nimekaa chini. Bramwel ndiye wa kwanza kusema, "Alisahau kuzima." Hakusema kwa ubaya, alikuwa analia. Mtu mwingine akarudia. Nilikuwa na mdomo, Awiti. Nilidhani nitasema jioni. Jioni kukawa na wageni. Nilidhani nitasema baada ya mazishi. Baada ya mazishi mama yako alinishika mkono, huu huu wa kulia, akanishukuru kwa kuwa pamoja naye mwisho wake. Baada ya hapo sikuweza tena kukaa nyumba moja naye.

Kwa hiyo nimemwacha mwanangu abebe uzembe wangu kaburini miezi tisa, yeye aliyeuliza.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine. Ni ya mama yako na Bwana Iqbal. Nimeyaandika haya haya, kwa kifupi, na nimetia sahihi. Nimeifunga. Naliandika neno hilo makusudi. Ukitaka, ifungue mbele yao. Ukitaka, ichome. Sitakuuliza ulifanya lipi.

Ronald


Makupa
22 Juni 2025

Babu,

Zimefika zote mbili. Siwezi kukuandikia bado.

Awiti


Makupa
10 Agosti 2025

Babu,

Shikamoo. Nimechelewa, na sikuwa mgonjwa, na hatukuwa na shughuli. Nilikuwa na hasira. Niliificha bahasha yako chini ya godoro la kitanda chako mwenyewe, na kwa siku ishirini nilikuwa nikiigusa kila jioni nijue iko. Nilikuwa nikikupenda asubuhi na kukuchukia shuleni. Halafu Jumamosi moja Bramwel alisema tena ile "marehemu alisahau," huku anatumia testa yako, na nikajua siwezi kumlinda mmoja bila kumzika mwingine mara ya pili.

Mtihani umekwisha. Fizikia nimepata sabini na nane. Mama hajambo kwa mwili.

Niliifungua dukani kwa Bwana Iqbal, baada ya sala ya alasiri, mbele yake, Mama na Bramwel. Niliisoma mwenyewe. Wajua sauti yangu. Bwana Iqbal alizima feni ili wanisikie. Nilisoma na ukurasa wa daftari la Baba. Nilipomaliza, Bramwel alitoka nje, akasimama barabarani mbele ya duka la ubani kama mtu anayengoja gari. Aliporudi alimwambia Mama, "Mimi ndiye niliyelianzisha. Nitawaendea mmoja mmoja niliowaambia." Na ameanza, Babu. Juzi alikuwa Feri kumtafuta mmoja.

Bwana Iqbal alivua miwani. Akasema, "Kumbe aliuliza," kisha akaniambia niwaandikie wale waliouza kile kidhibiti kwamba hakirudi.

Mama alitaka aone ile barua. Aliitafuta ile sehemu kwa kidole, akakiacha kidole juu ya neno lenyewe. "Tom aliuliza," akasema. Alisema hivyo tu. Tulirudi nyumbani kwa miguu mpaka Makupa, nami nilibeba mkoba wake.

Babu, sitakudanganya. Hajalitaja jina lako. Alikitoa kitanda chako dirishani, siku mbili kikawa kwenye veranda, mvua ikakinyeshea. Siku ya tatu nilirudi kutoka shule nikakikuta ndani, mahali pake, godoro limeanikwa.

Mashine ya barafu iliwashwa Jumanne iliyopita, wiki ya kwanza ya likizo. Paneli ina vibonyezo viwili vikubwa, WASHA na ZIMA, na juu yake Bramwel amepaka kwa rangi nyeupe maneno ya Baba: ULIZA TENA. Kurasa zangu sita amezitia plastiki, ziko mlangoni. Kabla ya kuwasha, upepo ulikuwa unaingiza vumbi, na Bramwel, bila kufikiri, akauliza, "Mlango nifunge?" Alisimama na mkono kwenye mlango, uso ukambadilika, akauacha wazi. Kile kisanduku kikaamka. Kikaandika INASUBIRI. Bwana Iqbal akaniashiria mimi. Nilimwuliza Bramwel kama mikono yake iko nje, akasema iko nje. Nikamwuliza tena, akasema iko nje. Ndipo nikabonyeza. Vipande vya kwanza vilikuwa na moyo mweupe, si barafu safi, lakini wavuvi walivichukua vyote.

Sasa lile lililonifanya nikae niandike. Tangu siku ile Mama naye haliandiki wala halisemi lile neno. Akitaka mlango, husema "Awiti, urudishe," kama ulivyotuandikia wewe. Jana nilipotoka sokoni alikuwa akipembua mchele. Bila kuinua kichwa akasema, "Mrudishe."

Nilitazama mlango. Ulikuwa umekwisha rudishwa. Na mlango husemwa urudishe, Babu, si mrudishe. Labda nilisikia vibaya. Wewe unajua, kuliko mtu yeyote, kwamba yawezekana.

Basi sikugusa kitu. Niliuliza tena. Nilisema, "Nimrudishe nani, Mama?"

Aliendelea na mchele. Hajajibu mpaka naandika. Kwa hiyo usipande basi bado. Nitamwuliza tena kesho, na kesho kutwa, na jibu lake nitakuandikia kama litakavyotoka, hata likiwa baya.

Kula mchana. Nasubiri.

Mjukuu wako,
Awiti